Bwawa Chini ya Mawaridi

Kipeperushi cha jiji cha wageni kinasema bwawa la kuogelea lilifungwa mwaka 1963 kwa sababu ya ufa. Nimekisoma mara nne, na mara ya nne niliazima miwani ya jirani, nikidhani labda yangu inanidanganya. Ufa. Baba yangu, Cleophus Grimes, ndiye aliyelitandika bwawa lile vigae. Jiko la matofali alilomjengea mama lingali limesimama wima nyuma ya nyumba yangu, na nyumba yenyewe imeshaanza kuinama. Kama kulikuwa na ufa mwaka ule, haukuwa kwenye bwawa.

Naitwa Ozella Grimes, nina miaka sabini na tatu. Shule niliiacha nikiwa na kumi na sita, nikaenda kiwandani kushona vidole vya soksi. Yote ninayoyajua zaidi ya hapo nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba ambayo nilipokuwa mtoto sikuruhusiwa kuingia hata kujikinga mvua. Mwaka 1979 niliwatoa wanawake mia moja na arobaini nje ya kiwanda kile kwa mgomo wa siku kumi na tisa. Gazeti la hapa limepokea kutoka kwangu barua mia mbili na kumi na mbili. Walizochapa hazifiki thelathini. Nakala za zote ninazo, kwenye masanduku ya viatu chini ya kitanda.

Mji wetu ni Laodikia, jimbo la Alabama. Mhubiri aliyeupa jina hilo aliona maji ya uvuguvugu yanatoka kwenye mwamba, akaikumbuka Laodikia ya kwenye Ufunuo, lile kanisa lililoambiwa halikuwa baridi wala moto na kwamba litatapikwa. Wengi hapa hawakuwahi kuumaliza mlango ule. Wanalipenda jina kwa kuwa ni la kale na linapendeza kwenye kibao cha barabarani.

Kiwanda cha mwisho cha soksi kilipofungwa, Halmashauri ikaamua kwamba sasa tutaishi kwa wageni. Ikaundwa Kamati ya Vivutio, na akaletwa binti mmoja kutoka Birmingham kuiongoza. Jina lake Leslie-Ann Crowder, ana kalamu za rangi nane na moyo mzuri, sitamsingizia. Makanisa ya Ufunuo ni saba, akasema, basi na vivutio viwe saba. Wakahesabu: chemchemi, mahakama ya zamani, stesheni ya treni isiyo na treni, makumbusho ya soksi, kanisa letu la Mlima Pisga, kwa ajili ya kwaya, na jiwe moja kutoka kwenye magofu ya Laodikia yenyewe huko Uturuki, kubwa kama mkate, limefungiwa kwenye kabati la kioo na kuwashiwa taa yake. Sita. Cha saba wakakikosa, kwa hiyo wakaamua kukijenga: ukumbi wa maigizo usio na paa, ngazi za nusu duara kama za watu wa kale, zote za zege. Mahali pake pakachaguliwa Bustani ya Mawaridi. Halmashauri ingepiga kura Jumanne ya pili ya Januari, na wiki ileile zege lingemwagwa.

Na chini ya Bustani ya Mawaridi kuna bwawa.

Niliingia kwenye bwawa lile mara moja tu, likiwa kavu. Ilikuwa mwaka 1959, vigae vya zamani vinabadilishwa, na kaunti nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kutandika kigae kwenye ngazi za mviringo, kwa hiyo ilibidi wamwite baba. Nilimpelekea chakula cha mchana, kunde na mkate wa mahindi ndani ya ndoo ndogo. Akanipokea kwa mikono miwili, akanishusha mpaka chini, penye ubuluu ambao sijauona tena popote. Kwenye ngazi ya kwanza, upande wa kina kifupi, ilibaki nafasi ya kigae kimoja. Akanipa nikibandike. Nikakibandika kikapinda. Nilipotaka kukitoa, akanishika mkono.

"Kiache," akasema. "Kikinyooka ni cha jiji. Kikipinda ni chako."

Wiki iliyofuata wakafungulia maji, na sisi tukaenda kutazama kupitia matundu ya waya.

Julai ya 1961 kaka yangu Lemuel, wa miaka kumi na miwili, alikwenda kuoga kwenye shimo la machimbo ya mawe, kwa sababu joto lilikuwa kali na huko ndiko mtoto mweusi hakufukuzwa. Alizikwa Jumamosi. Kutoka machimboni hadi bwawa la jiji, lenye mwokoaji aliyekaa juu ya kiti kirefu na filimbi shingoni, ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu ya mtoto. Nimeupima mwendo huo kwa miguu yangu mara nyingi.

Miaka miwili baadaye jaji akaamuru bwawa liwe la watu wote, si la wazungu peke yao. Halmashauri ya wakati ule ikakutana Jumatatu. Alhamisi malori yakaja, sita, yamejaa mchanga wa mtoni na kifusi. Nilisimama kwenye waya na daftari langu la shule, nikaandika majina ya madereva, maana mji mdogo hauna mgeni. La nne lilikuwa la Delbert Yancey, mzungu wa miaka kumi na minane, kofia nyekundu. Lori lake lilipoinua mgongo na kumwaga, alinitazama. Nami nikamtazama. Kisha akavuta kofia ikafunika macho.

Daftari lile ninalo mpaka leo. Kila dereva akifa nachora msalaba mdogo kando ya jina lake. Limebaki jina moja halina msalaba.

Huyo Yancey ndiye jiji lilimpa kazi ya kuipanda bustani juu ya kile alichokifukia. Aliitunza miaka thelathini na mitano. Nami kwa miaka sitini na miwili, posta, dukani, msibani, akinisalimu nilimpita kama unavyopita nguzo ya umeme. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Nilikwenda kwa Meya. Terrance Mabry ni mtoto wa kanisa letu, nilimfundisha shule ya Jumapili na nikamfuta kamasi kwa leso yangu mwenyewe. Aliponiona mlangoni akauliza kama barua ya mia mbili na kumi na tatu nimeamua kuileta kwa mkono. Nikakaa bila kukaribishwa. Nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, hilo nampa, halafu akaanza kunieleza habari za vijana wanaohama, za mkahawa uliofungwa, za haja ya kutazama mbele. Nikamwambia anayetazama mbele bila kujua alikotoka huyo anazunguka tu. Akacheka kidogo, akavua miwani.

Karatasi za jiji, alisema, zinasema bwawa lilipata ufa, likavunjwa, na vipande vikabebwa vyote. Kumbukumbu za kikao cha 1963 zililowa zikaoza mafuriko yalipoingia chini ya mahakama. Nikamwambia karatasi zinaandikwa na wenye kalamu.

"Mama Ozella," akasema, "kama bwawa bado lipo zima, simwagi zege juu yake. Mkono wangu huu hauwezi. Lakini niletee kitu kinachoshikika kabla ya Jumanne. Usiniletee hasira peke yake. Hasira yako naijua, nimekulia ndani yake, ila haipigiwi kura."

"Basi nipe ruhusa nichimbe."

Hakuweza. Mkandarasi ameshazungushia kamba, kuna bima, kuna mwanasheria. Alichoweza kunipa ni dakika mbili. Jumatatu, siku moja kabla ya kura, Kamati na Halmashauri wangepanda lile basi lililopambwa lifanane na tramu ya zamani, wazungukie vivutio vyote kwa majaribio. Kila kituo mtu mmoja wa hapa angesema maneno mawili matatu. Mimi kituo changu ni kanisani.

Nikasimama. "Ufunuo, mlango wa tatu, mstari wa kumi na tano," nikamwambia.

"Naukumbuka," akasema. "Ulininyima keki kwa kuusahau."

Sasa, kitu kinachoshikika sikuwa nacho. Nilikuwa na kitu kinachoonekana, tena kwa saa moja na nusu tu, tena si kila siku.

Dirisha la jiko langu linatazama Bustani ya Mawaridi kutoka juu ya kilima. Kila majira ya baridi, asubuhi chache, barafu nyembamba huanguka juu ya majani usiku, na kunapopambazuka bustani yote huwa nyeupe kama iliyonyunyiziwa unga. Isipokuwa katikati. Katikati kuna kijani kibichi, chenye kingo zilizonyooka kama zimepigwa rula, urefu wa nyumba tatu, na upande mmoja ukingo unajipinda duara, pale palipokuwa na ngazi. Wale waliofukia walisahau kitu ambacho mtoto yeyote wa Laodikia anakijua: bwawa lile lilikunywa kutoka kwenye chemchemi. Walifunika mdomo wa bwawa, chemchemi hawakuiziba. Miaka sitini na miwili maji ya uvuguvugu yanaingia mle chini, yanapasha mchanga moto kutokea ndani, na mawaridi yanaoza mizizi. Kila masika jiji hupanda mapya, na kila vuli huulizana kwa nini yamekuwa ya manjano. Wameshaleta wataalamu wawili. Wamelaumu wadudu, wamelaumu fuko, mwaka mmoja walilaumu mbwa wa Dada Earnestine wa kanisani kwetu.

Niliyaandika haya kwenye barua ya arobaini na moja. Mhariri aliichapa chini ya ukurasa wa mapishi. Niliyaandika tena kwenye ya tisini na sita, na picha ndani yake. Wakasema ni mbolea.

Shida ni kwamba barafu ile huyeyuka kabla ya saa mbili na nusu, na basi lilipangwa kuondoka saa nne. Nikaenda kwa Dada Earnestine, mkuu wa akina mama wa kanisa. Anapooka vile vimkate vyake vya siagi, watu hukiri dhambi ambazo hawajazitenda. Nikamwambia nataka Kamati yote mezani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hakuuliza sababu. Aliuliza kama wanakula nyama ya nguruwe.

Mwaliko ukaenda: Akina Mama wa Mlima Pisga wanawakaribisha wageni wetu kwa kifungua kinywa kabla ya safari. Leslie-Ann akajibu kwa furaha, safari ikasogezwa hadi saa moja na nusu. Tangu mji huu uanzishwe hakuna kamati iliyowahi kukataa kula.

Barafu sikuweza kuialika. Jumapili nzima nilisikiliza redio ya hali ya hewa kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo wa mgonjwa. Mara wanasema mawingu yanakuja, mara hayaji. Nililala mapema nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikafungua mlango wa nyuma bila viatu. Ngazi zilinichoma nyayo kwa baridi. Nikasema asante kwa sauti, peke yangu, na gauni la kulalia.

Walikula. Diwani mmoja alikula vimkate sita, nilimwona. Mezani alikuwapo pia Delbert Yancey, ana miaka themanini sasa, mrefu aliyejikunja, kofia mapajani. Leslie-Ann alimwita kama mtunza mawaridi mstaafu, aseme dakika mbili kuhusu bustani ya zamani kabla haijawa ukumbi. Sikuwa nimeambiwa. Nikajisemea, haya, Ozella, huyu ndiye watakayemtumia. Atasimama pale na kusema lilikuwa na ufa, na yeye alikuwapo, na mimi nilikuwa mtoto upande wa pili wa waya.

Kituo cha kwanza cha basi kilikuwa bustani, maana iko chini tu ya kanisa. Jua lilikuwa halijapanda juu ya misonobari. Tulishuka watu kumi na wawili, pumzi zinatoka moshi. Leslie-Ann akaanza kumkaribisha Bwana Yancey, nami nikavuka ile kamba ya mkandarasi.

Nilisema kituo changu ni kanisani lakini dakika zangu mbili ni zangu, nazitumia hapa. Mtu akaguna. Nikawaambia wasinisikilize mimi, watazame chini. Wakatazama. Nyeupe, nyeupe, nyeupe, halafu kijani, mstari umenyooka kutoka kwenye benchi hadi kwenye taa, ukakunja, ukarudi. Na juu ya kijani kile mvuke mdogo ulikuwa unapanda, kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Hilo ndilo bwawa," nikasema. "Halikuvunjwa. Halikubebwa. Limelala hapo na maji yake."

Diwani wa vimkate sita akasema huenda ni mbolea, mbolea huwa ina joto. Mwingine akasema bomba la maji taka. Leslie-Ann alikuwa amechuchumaa, ameweka kiganja juu ya majani. Terrance alinitazama na uso wa mtu anayetaka kuamini lakini anaogopa kuchekwa. Akasema kwa upole kwamba ni ajabu kweli, Mama, lakini Halmashauri itauliza kama kuna aliyeligusa.

Hapo kila mtu akamgeukia Yancey, kwa kuwa ndiye aliyechimba pale miaka thelathini na mitano. Nami nikageuka. Nilishajiandaa kwa uongo wake. Jibu nilikuwa nalo tangu 1963, limenolewa.

Yancey akaivaa kofia yake, akaivua tena.

"Bi Grimes anasema kweli," akasema.

Watu waliozaliwa jana hawatalielewa hilo. Nilipokuwa mtoto, watu kama Yancey waliwaita mama zetu kwa majina ya kwanza kama watoto wadogo, na baba zetu waliwaita "kijana" mpaka siku ya jeneza. Miaka yote aliyonisalimu, alinisalimu kwa kugusa kofia tu. Sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwake.

"Niliendesha lori la nne," akaendelea, akiwaambia wale wazungu wenzake zaidi kuliko mimi. "Hapakuwa na ufa wowote. Tuliambiwa tukiulizwa tuseme ufa. Nikaulizwa na mama yangu, nikasema ufa."

Diwani mmoja akamwambia Delbert, hapana haja, ni mambo ya zamani. Yancey akaelekeza kofia kwenye upande wa duara. Akasema kwamba mwaka 1987, akipanda upya upande ule wa duara, sepetu iligonga kitu. Akafukua kwa mikono. Ilikuwa ngazi ya kwanza ya bwawa, vigae vya buluu, safi kama vya jana, na maji ya uvuguvugu yanachuruzika pembeni. Alikaa pale mpaka akachelewa chakula cha mchana, kisha akairudishia udongo, akapanda waridi juu yake. Tangu hapo kila alipofika mahali pale alichimba kwa kuzunguka.

"Nakumbuka vizuri," akasema, "kwa sababu kigae kimoja pale kimepinda. Vyote vimenyooka kama mstari wa daftari, kimoja kimepinda. Nikawaza, aliyetandika kazi nzuri namna hii, imekuwaje hiki akakiacha?"

Kigae kile sikumwandikia mhariri. Sikumwambia Terrance, wala Dada Earnestine, wala mume wangu mpaka anakufa. Kilikuwa kitu pekee cha bwawa lile kilichokuwa changu, nami nilikificha kama watu wanavyoficha dhahabu.

Nikakaa kwenye benchi lao la ukumbusho wa mabibi wa mji.

"Unaweza kupaonyesha?" nikamuuliza. Ndiyo maneno ya kwanza niliyopata kumwambia Delbert Yancey.

Alikuwa ameiacha sepetu kwenye gari lake, kule kanisani. Sikuuliza kwa nini mtu aliyealikwa kusema dakika mbili kuhusu mawaridi aje na sepetu. Terrance ndiye aliyekwenda kuileta, mbio, na suti yake. Mwanasheria wa jiji akaanza kusema juu ya bima. Terrance akamwambia, "Niandikie barua. Za Mama Ozella nimezizoea, moja zaidi haitaniua."

Yancey alipiga sepetu mara tatu akashindwa kupumua. Terrance akaipokea. Halafu Leslie-Ann akaingia na glavu zake za sufu, akaanza kutoa udongo kwa mikono kama anayetafuta pete. Walifika chini kiasi cha mkono mmoja wa mtu mzima, mchanga ukawa mweusi, ukawa tope, na tope likatoa mvuke. Sepetu ikagonga. Sauti ile naijua, ni sauti ya kazi ya baba yangu.

Nikashuka. Walitaka kunishika, nikawaambia waache, nimewahi kushuka hapa. Nikafuta tope kwa kiganja. Buluu ikatokea, kigae baada ya kigae, na maji yakaanza kujaa polepole kati yake, ya uvuguvugu, safi. Cha tano kutoka ukingoni kilikuwa kimepinda kuelekea kushoto, vilevile.

Nikavua viatu. Nikavua na soksi, zilizoshonwa kiwandani kwetu, nikaweka mguu ndani ya maji yaliyofika kifundo. Nilikuwa na miaka sabini na tatu, na bwawa lilikuwa na maji. Sikulia. Dada Earnestine, aliyekuwa amekuja na kikapu cha vimkate vilivyobaki, alilia kwa niaba ya wote.

Jumanne Halmashauri ilipiga kura: watano kwa wawili, zege lisimwagwe na bwawa lifukuliwe. Terrance aliinua mkono wake kabla karani hajamaliza kusoma swali. Alipokuwa akitoka nikamwambia leo umekuwa moto. Akasema aliungua kidogo, lakini atapona.

Wale wawili waliopinga majina yao nimeyaandika.

Leslie-Ann akaniletea maneno ya kibao kipya cha kivutio cha saba, nimpe maoni. Alikuwa ameandika kwamba bwawa lilifungwa mwaka 1963. Nikachukua moja ya kalamu zake nane, nyekundu, nikaandika kwamba bwawa lilifukiwa, na nani alilifukia, na watoto gani walikuwa wanazuiwa wasiogelee, Lemuel akiwa wa kwanza. Akasoma. Shingo ikawa nyekundu kama ile kalamu. Nilikuwa nimeshakunja ngumi, nikingoja aniambie wageni hawapendi huzuni. Akaniuliza kama Lemuel aliandikwa kwa l moja mwishoni au mbili, na kama nina majina ya mafundi wengine waliofanya kazi na baba.

Ninayo. Yote kumi na moja. Mtu alikuwa hajawahi kuniuliza.

Kufukua kutachukua mwaka, labda miwili, na maji lazima yapimwe, na yule diwani wa vimkate bado anatafuta mahali pa kuweka kikwazo. Simwachi. Mawaridi yanahamishiwa nyuma ya maktaba, kwenye udongo baridi. Yancey anawaelekeza vijana wa jiji akiwa amekaa kwenye kiti, na mimi huwa napita pale nikamwambia anayapanda karibu mno. Hubishana nami. Anajua mawaridi, lakini kunyamaza hajui tena.

Sisi akina mama tisa wa Mlima Pisga tumejiandikisha kujifunza kuogelea kwenye bwawa la chuo, mji wa pili, kila Alhamisi. Dada Earnestine huvaa kofia ya plastiki ya bafuni na hushika ukingo kama ameshika mlango wa mbinguni. Mwalimu wetu ni msichana wa miaka ishirini, hutuita "akina mama wapendwa" na hutuambia maji hayaumi. Mimi nimefika yanapogusa kifua. Nikifika hapo huwa nasimama kidogo, nawaza habari za mtoto mmoja wa miaka kumi na miwili, kisha nasonga hatua moja.

Na daftari langu la shule liko mezani. Jina la nne bado lipo, sikulifuta, sitalifuta, kilichotendeka kilitendeka. Ila kando yake, pale nilipokuwa nimeweka nafasi ya msalaba, nimeandika kwa wino: *Bwana Yancey. Januari, asubuhi, alituonyesha mahali.*